Irulayi, anayelipwa kupandisha

Jua la saa nane mchana limesimama juu ya kijiji cha Pudukanmai, na Irulayi anafungua nywele zake. Mbele yake kuna kitambaa cha kijani kilichotundikwa kwenye mianzi miwili. Ndiye mungu huyo.

"Mama, tazama juu kidogo," anaambiwa na mwongozaji wa filamu, kijana wa Chennai aitwaye Sathyan. "Macho yake yatakuwa hapa. Yatakuwa yanawaka moto."

"Moto wenyewe uko wapi?"

"Utawekwa na kompyuta."

"Haya. Basi nitaogopa kwa mkopo."

Ngoma zinalia. Bega la kushoto la Irulayi linaanza kuruka peke yake, kisha kichwa kinafuata. Kinazunguka kwa nguvu, nywele zinachapa hewa, macho yamegeuka, na ukelele unaomtoka unawafanya wanakijiji waliokuja kutazama wakutanishe viganja. Bibi mmoja anamvuta mjukuu wake nyuma.

"Kata!"

Irulayi anazimika kama redio. Anafunga nywele, anaweka mkono nyuma ya shingo, anaomba maji.

"Tena mara moja, mama. Ya mwisho."

"Ya mwisho ya saa hizi, au ya mwisho kwelikweli?"

Watu wanacheka, yeye hacheki. Vidole vyake vinauzungusha uzi uliofungwa mkononi mwake, uzi wa manjano wenye kipande cha mzizi wa bizari katikati. Leo jioni nyuzi zote za kijiji hiki zinafunguliwa. Wake yeye hajui kama utafunguliwa, maana kuna jambo amelifanya na bado hajamwambia kuhani.

Irulayi ana miaka hamsini na miwili, mjane anayeishi Solavandan, kando ya mto Vaigai. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekula kwa shingo yake. Kila filamu ya Mama, mungu mke wa vijiji hivi, inapopigwa huku kusini mwa India, kuna kipande kisichokosekana: sherehe ya kijiji, ngoma, halafu mwanamke mmoja katika umati anapandwa na Mama, anapiga ukelele, anamnyooshea mwovu kidole. Mwanamke huyo ni Irulayi. Mama mwenyewe huigizwa na msichana mrembo wa mjini, ambaye kwa heshima huacha kula samaki mpaka kazi iishe. Jina la msichana huandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango. La Irulayi haliandikwi popote, na sura yake ni nadra kuonekana, kwa sababu ya nywele.

"Wenzangu wa kusimama tu kwenye umati wanalipwa rupia mia tano kwa siku," anasema. "Sisi wa kupandisha, elfu moja na mia mbili. Watu wanaona ni nyingi. Waje basi waazime hii shingo wiki moja."

Shingo yenyewe imechoka. Asubuhi haigeuki mpaka apake mafuta ya moto. Mwaka jana alikwenda kupigwa picha ya mifupa. "Daktari aliangalia ile picha akaniuliza, mama, wewe unabeba mizigo kichwani? Nikamwambia, nabeba mungu. Akasema mshushe."

Kazi hii aliingia kwa bahati. Mumewe alikuwa ameshafariki, naye alikuwa akimenya vitunguu kwa mpishi wa kambi ya filamu. Mwanamke aliyeletwa kupandisha akaiona kamera, akaganda kama nguzo. Irulayi akaweka kisu chini, akafungua nywele. "Nilikuwa nimelizwa na vitunguu tangu asubuhi," anasema. "Machozi yalikuwepo tayari."

Lakini kuna jambo moja ambalo majirani zake hawataki kuliamini. Mama hajawahi kumpanda Irulayi kweli, hata siku moja. Mama yake mzazi alikuwa akipandwa. Dada yake hupandwa kila mwaka mwezi wa Aadi, mwezi wa Mama, ngoma inapopita mtaani. Irulayi husimama pembeni, ameshika trei ya kafuri, anasubiri, haji mtu.

"Wananiletea watoto wenye homa. Nawaambia mimi ni mwigizaji, nendeni kwa daktari. Wananijibu, mwigizaji gani huyo anayetoka jasho la kweli?" Familia moja tajiri ilimjia apandishe awatajie aliyeiba dhahabu ya bibi harusi. Aliwafungia mlango. Sheria yake ni moja: bila kamera, hapandishi. "Siku nikimsemea Mama uongo nje ya kamera, nitakuwa mwizi kama huyo waliyekuwa wanamtafuta."

Wiki iliyopita sheria hiyo ilijaribiwa, na lo, ilijaribiwa vibaya.

Filamu yenyewe, ukipenda kuiita kwa Kiswahili, ni Mama wa Mpakani. Jumanne hiyo walikuwa wapige kipande cha kufunga nyuzi. Huku kila mtoto anajua: sherehe ya Mama huanza kwa uzi, na aliyefungwa uzi haruki mpaka wa kijiji, asije akawaletea balaa walio wake, hadi siku ya nane, uzi unapofunguliwa. Sasa mwigizaji wa kuhani alikuwa amekwama kwenye filamu nyingine. Meneja wa kambi, Kottaisamy, mtu wa haraka haraka, akapata wazo. Kijiji si kina kuhani wake, mzee Sevugan? Tutapiga picha mikono yake tu. Mtu akatumwa: "Mzee, wanakuita ukafunge nyuzi."

Hakuna aliyemwambia ni nyuzi za mchezo. Na hata angeambiwa, angezifungaje za mchezo? Mzee Sevugan alikwenda kuoga bwawani. Akaziweka nyuzi mbele ya Mama, akaziombea, akaja na nguo mbichi bado zinachuruzika. Akawafunga wanawake wote waliokodiwa, mmoja mmoja. Sathyan akanyoosha mkono wake kuwaonyesha jinsi ya kuukalisha mbele ya kamera. Naye akafungwa.

"Kata! Safi sana, mzee!"

Mzee Sevugan akamkodolea macho. "Nikate nini? Nimeshafunga."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwezi haukuwa wa sherehe, mvua haijanyesha, watu hawajachanga hata kitu, lakini nyuzi zilikuwa zimefungwa mbele ya Mama na sherehe haikuwa na budi kufanyika. Wazee wakamfuata Kottaisamy, naye akalipia ngoma na maua huku akijipiga kipajini. Sathyan alitaka kukimbilia Chennai kwenye kikao. Dereva wake akautazama ule mkono, akazima gari. "Bosi," akasema, "mimi nina watoto." Ikabidi mwongozaji ageuze kamera, aanze kuipiga picha sherehe ya kweli aliyoizua mwenyewe.

Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Rosali, mwenzake Irulayi wa siku nyingi kwenye kazi za kusimama, ni Mkristo wa Dindigul. Naye hakuthubutu kuondoka. "Mimi na Mama Maria wa kule Velankanni tunaelewana," alisema. "Huyu wa hapa bado hatujazoeana. Nimchokoze ya nini?"

Kwa wengine ilikuwa kero ya kuchekesha. Kwa Irulayi ilikuja kuwa kitanzi. Jumatano simu yake ililia. Alikuwa Alagu, mkwe wake, ambaye kwa desturi ya huku humwita shangazi.

"Shangazi, Nagajothi kashikwa na uchungu."

"Uchungu wa nini? Si mimba iko mwezi wa nane tu?"

"Ndiyo hivyo, shangazi. Tuko hospitali ya mjini. Anakuita."

Nagajothi ni mtoto wake wa pekee. Mimba yake ya kwanza ilitoka mwaka juzi. Siku hiyo Irulayi alikuwa Karaikudi anatikisa kichwa mbele ya kamera mbili, simu iko ndani ya mkoba, mkoba uko ndani ya gari. Alipofika nyumbani yote yalikuwa yamekwisha, na Nagajothi akageukia ukutani. Mama na binti hawakusemeshana mpaka sikukuu ya mavuno. Mimba ya pili ilipoingia Irulayi alimshika binti yake mkono akamwambia, hii nitakuwepo. Kazi ya Pudukanmai aliikubali kwa sababu moja tu, basi la mjini ni mwendo mfupi.

Sathyan alimhurumia, tena kwa dhati. "Ni uzi tu, mama. Mkasi upo."

"Basi anza na wako."

Kijana akauficha mkono wake nyuma.

Irulayi akaenda kwa mzee Sevugan amfungulie. Mzee akatikisa kichwa. "Mimi ni mkono tu. Aliyekufunga ni yeye."

"Watu wa mjini wanadhani nilimwogopa Mama," anasema Irulayi. "Nilijiogopa mwenyewe. Nikiuruka mpaka, mtoto akafa, nitaishi vipi na mkono huu? Nisipouruka, mtoto akafa, binti yangu ataishi vipi na mimi?" Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapa wazazi walikuwa wawili, kila mmoja na uchungu wake.

Ndipo Rosali akamvuta nyuma ya gari la mavazi.

"Pandisha."

"Nini?"

"Pandisha, dada! Si ndiyo kazi yako? Ngoma zile pale, kijiji kizima kiko pale. Tikisa kichwa, sema, mimi Mama naamuru Irulayi aende zake. Nani atabisha? Mimi mwenyewe nitaapa nimeona moshi."

"Kamera haipo."

"Mwanao yuko kwenye uchungu na wewe unauliza kamera! Una akili kweli?"

Irulayi akaenda. Mbele ya nyumba ya Mama, hekalu dogo la kijiji, ngoma zikilia, akafungua nywele. Watu wakarudi nyuma kumpisha, mtu akakimbilia tawi la mwarobaini, mti wa Mama. Bega la kushoto likaanza kuruka, maana bega lile limeshaizoea kazi. Kichwa kikainama tayari kuzunguka.

Kikabaki pale pale.

"Shingo ilikataa au mimi nilikataa, mpaka leo sijui," anasema. Alizikusanya nywele zake akazifunga. Ngoma zikapungua, moja moja, zikanyamaza. Kisha akasema na Mama kama anavyosema na jirani ng'ambo ya ukuta, na kila mtu akasikia.

"Mama, ningeweza kukuzulia. Namna naijua, na hawa wote wangenipigia magoti. Lakini nimechoka. Miaka yote hii nimekuwa wewe, na wewe hujanijia hata siku moja. Leo sikuombi unijie. Nakuomba mimi nimwendee mwanangu."

Mzee Sevugan alikuwa anawasha kafuri. Aliiacha. Akainama mbele ya kizingiti cha Mama akachota udongo gao moja, akaushika mwisho wa sari ya Irulayi, akaufunga fundo ndani yake.

"Huu ndio Pudukanmai," akasema. "Ukiwa nao, hujatoka. Ila sikiliza. Usiuweke chini. Utakapouweka, Mama amehamia hapo, na wewe ndiye wa kumlisha kila mwaka mpaka ufe."

Ndivyo Mama alivyotembea nchi hii, kutoka kijiji hata kijiji, kwenye mafundo ya wanawake walioolewa mbali. Irulayi alilijua hilo tangu utotoni. Hakuwahi kufikiri kwamba litamfaa yeye.

"Mpaka hospitali, baba?"

"Hata mwezini. Nenda, basi linakuacha!"

Hospitali ilikuwa na vita yake. Sista wa zamu aliliona fundo.

"Mama, hicho nini?"

"Udongo."

"Udongo! Kwenye wodi ya wazazi? Katupe nje."

"Siwezi kuutupa, sista. Nikiutupa, kijiji kizima kinahamia kwenu."

Sista alifungua mdomo kugomba, kisha akauona uzi mkononi. Naye ni mtoto wa vijiji hivi hivi. Akaondoka, akarudi na mfuko wa plastiki. "Tia humu," akasema. "Na ufunge vizuri."

Nagajothi alikuwa amelala ubavu, midomo imepasuka. Alifumbua macho.

"Umekuja?"

"Nimekuja."

"Na uzi je? Alagu kaniambia."

"Nimekuja nao."

"Usiondoke, mama. Safari hii usiondoke."

Hakuondoka. Alisimama kando ya mlango wa chumba cha kuzalia, mfuko mkononi, wala hakukaa, akihofia kusinzia akauachia. Kulipopambazuka alisikia sauti nyembamba, ya kuku mdogo hivi, akajua ni ya mtu.

Alikuwa msichana, kilo moja na nusu na kidogo juu yake. Sista alitoka naye kumwonyesha kwa dakika moja kabla hajapelekwa kwenye kisanduku cha joto. Alagu alinyoosha mikono, akairudisha. Sista akamgeukia Irulayi.

"Pokea, bibi. Mikono miwili, huyu si papai."

Mkono mmoja ulikuwa na mfuko. Irulayi akageuka kulia, akageuka kushoto. Kulikuwa na dirisha. Akauweka mfuko dirishani, akampokea mjukuu wake.

"Sikufikiri," anasema. "Ukipewa mjukuu hufikiri. Alikuwa mwepesi, jamani. Mwepesi kuliko udongo."

Alipokumbuka, mtoto alikuwa ameshachukuliwa na mfuko umetulia dirishani kama uliozaliwa hapo. Angeweza kuuokota, lakini uliowekwa umewekwa. Jioni ile mama wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa ameuona uzi, aliweka ua la asumini kando yake. Kesho yake kulikuwa na tawi la mwarobaini na alama ya manjano kwenye fremu. Sista alifoka kwamba hapa ni wodi, si hekalu. Dirisha alilipangusa, mfuko hakuugusa.

Ijumaa Nagajothi mwenyewe ndiye aliyemfukuza. Mtoto alikuwa anapumua vizuri, na kambi ilikuwa inapiga simu kila saa, kwani vipande vya Irulayi vilikuwa havijaisha. "Nenda ukamalize," binti alisema. "Umekuja, inatosha. Ukimaliza urudi."

"Kwenye basi la kurudi sikuwa na kijiji," anasema Irulayi. "Nilikaa nimeukumbatia mkoba mtupu kama mwizi."

Tangu hapo amefanya kazi amefunga mdomo. Kila mchana anapiga simu, na kila mchana Alagu anamwambia mtoto amenyonya, mtoto ameongezeka kidogo. Anashukuru, halafu hofu inarudi pale pale.

Kipande cha mwisho kimekuwa cha mwisho kwelikweli. Kitambaa cha kijani kinakunjwa, na jua linaposhuka watu wanajipanga mbele ya Mama. Mzee Sevugan anafungua nyuzi moja moja. Sathyan anafunguliwa, anaushika mkono wake kama uliotolewa plasta. Rosali anafunguliwa, anajipiga ishara ya msalaba kwa uficho. Zamu ya Irulayi inafika.

"Udongo uko wapi?" mzee anauliza.

"Hospitali. Dirishani, wodi ya wazazi."

Kottaisamy anaacha kuongea na simu.

"Ulisahau nilichokwambia?"

"Sikusahau, baba. Walinipa mtoto. Nilihitaji mikono miwili."

Mzee Sevugan anasonya, kama mtu aliyeudhiwa na mkewe.

"Miaka yote namwomba ahamie karibu na barabara, hataki. Kumbe anataka mjini, kwenye feni!"

Kicheko kinapasuka kijiji kizima, na safari hii Irulayi naye anacheka, huku machozi yanamtoka bila vitunguu. Mzee hamfungui. Anausukuma mkono wake taratibu. "Wako si wa hapa tena. Kaufungue kule, mbele yake, umwachie dirishani. Na kumlisha usisahau. Hilo sikutanii."

Wakati wengine wanagawana wali wa ukwaju, simu ya Irulayi inalia. Ni wakala wa waigizaji. Mwezi ujao kuna filamu nyingine ya Mama, kule Pollachi, wanatakiwa wa kupandisha wawili.

"Nitakuja kusimama," Irulayi anamwambia.

"Kusimama? Kwa mia tano? Irulayi, umekunywa nini?"

"Maji tu, kaka. Ukinitaka kusimama, nipo."

Anakata simu. Mpango wake wa kumlisha Mama ni huu: kila mwezi wa Aadi atabandika sufuria kubwa nje ya geti la hospitali, apikie uji wa ulezi waliojifungua na wanaosubiri nje. Ameshamwambia sista. Sista kasema akaombe kibali kwa mganga mkuu, na kama mganga mkuu akikataa, yapo maduka ng'ambo ya barabara yenye kivuli. Nagajothi amesema ulezi atausaga yeye, akipata nguvu.

Sathyan anamuuliza kama kweli hatauonea hamu ule ukelele, zile ngoma, watu wakimwogopa.

Irulayi anatupia mkoba begani, maana honi ya basi la mjini imeshasikika. Anaupapasa uzi wake wa manjano.

"Uji unataka mikono miwili tu, mwanangu," anasema. "Shingo hauiulizi."